Punda Hayumo Katika Orodha

Mhadhara kwa watendaji wa vijiji, makatibu wa vikundi, walimu na wanafunzi, Bahi, mkoani Dodoma



Katika nchi yetu msemaji akisimama mbele ya watu huanza kwa kuwataja wakubwa waliopo, na akiona muda unamtupa mkono husema "itifaki imezingatiwa", kisha akaendelea. Leo sitasema hivyo. Nitawataja: wazee wetu, wenyeviti na watendaji wa vijiji, makatibu wa vikundi vya wakulima na wafugaji, walimu, wanafunzi, na mama zangu mliotoka majarubani asubuhi hii mkaja hapa moja kwa moja. Nimewataja kwa sababu mhadhara wenyewe unahusu kazi hiyo ya kutaja. Nataka tuzungumze juu ya namna tunavyopanga vitu katika sentensi, neno tunalotanguliza kabla ya kuvitaja, na ile alama ya nukta mbili tunayoiweka baada ya neno hilo. Aliyetajwa amehesabiwa. Asiyetajwa huachiwa swali: nami nimo, au simo?

Alama hiyo wengine huiita koloni, wengine nuktapacha. Mimi nitaiita nukta mbili, kwa kuwa jina hilo linaeleza umbo lake na mtoto wa shule ya msingi hulielewa bila kufafanuliwa. Si ngeni kwa yeyote hapa. Kila aliyewahi kuandika barua ya kikazi ameandika "Yah:" kabla ya kichwa cha barua. Kila aliyewahi kushika kalamu ya ukatibu ameandika "Waliohudhuria:" akashuka chini na majina. Tunaiandika kila siku, lakini ni nadra kujiuliza imetuahidi nini.

Neno langu la leo ni moja, na yote nitakayosema yanalirudia: orodha hufunguliwa na neno, si na alama. Nukta mbili ni bawaba tu. Neno linaloitangulia ndilo mlango, nalo ndilo linaloamua nani aingie na nani abaki nje.

Punda na majaruba ya mpunga

Tuanze na mambo ya hapa. Bahi ipo kilomita 50 hivi magharibi ya mji wa Dodoma, kwenye reli ya kati na barabara iendayo Singida. Nchi yetu ni kavu, ni nchi ya uwele, mtama na karanga. Lakini Mto Bubu unamwaga maji yake katika mbuga ya Bahi, na kwa neema hiyo hapa tunalima mpunga. Tena sisi ni wafugaji tangu enzi za mababu. Penye mpunga na mifugo pamoja, hapakosi sheria ndogo ya kijiji, na penye sheria ndogo hapakosi orodha.

Mfano huu nimeutunga mwenyewe, ila naamini kila mtendaji aliyepo ataona ameshakutana na ndugu yake. Tuseme kijiji kimepitisha kifungu hiki:

"Ni marufuku kuingiza katika majaruba mifugo ifuatayo: ng'ombe, mbuzi na kondoo."

Mkutano mkuu umeridhia, halmashauri ya wilaya imeidhinisha, karatasi imebandikwa ubaoni. Wiki mbili baadaye punda mwenye madumu mawili ya maji mgongoni anakatisha jarubani. Anavunja tuta, maji yanamwagika kwa jirani, na kwa kuwa hakuna anayemfukuza anatafuna miche. Mwenye punda anaitwa. Anakuja kwa adabu zote, anavua kofia, anasema: "Mzee mwenyekiti, shikamoo. Naomba tu mnisomee hiyo sheria." Anasomewa. "Punda ametajwa wapi?"

Kimya. Punda hayumo. Kila mtu pale anajua kwamba waliotunga sheria walikusudia kulinda mpunga dhidi ya kwato, na kwato za punda si laini kuliko za ng'ombe. Lakini kusudi lilibaki vichwani mwa watu, halikufika kwenye karatasi. Neno "ifuatayo" na nukta mbili baada yake vimesema: ni hawa, basi. Mlango umefungwa, punda akiwa nje ya sheria na ndani ya jaruba.

Sasa tubadilishe neno moja:

"Ni marufuku kuingiza katika majaruba mifugo kama vile ng'ombe, mbuzi na kondoo."

Hapa punda ananaswa, maana "kama vile" inasema kwamba waliotajwa ni mfano wa wengine. Lakini limezuka swali jipya. Mama anayefuga bata na kuwaachia majarubani wale wadudu naye atozwe faini? Bata ni mfugo. Je, ni mfugo kama ng'ombe? Baraza likiwa na busara litatazama waliotajwa na kuona kwamba wote ni wanyama wa miguu minne wenye kwato, kwa hiyo bata hahusiki. Mahakama pia zina desturi ya zamani ya kulipima neno la jumla kwa vitu vilivyotajwa pamoja nalo. Hata hivyo tumemwachia msomaji kazi ambayo ilikuwa yetu.

Tuandike mara ya tatu:

"Ni marufuku kuingiza katika majaruba wanyama wote wa kufugwa wenye kwato, wakiwemo ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda."

Hapa mpaka umewekwa na maneno ya jumla: wa kufugwa, wenye kwato. Orodha inayofuata inaumulika mpaka ili asiwepo wa kudai hakuuona. Kesho mtu akileta nguruwe, naye yumo. Bata wa mama hayumo. Na tazameni: nukta mbili haipo, wala haihitajiki.

Sentensi tatu, wanyama wale wale, hukumu tatu tofauti. Kilichobadilika ni neno la kufungulia orodha.

Koo tatu za maneno

Maneno yetu ya kufungulia orodha nayaona kama koo tatu, na katibu mzuri hazichanganyi.

Ukoo wa kwanza ni wa maneno yanayofunga. Humo wamo "yafuatayo" na ndugu zake wa kila ngeli: wafuatao, ifuatayo, zifuatazo, vifuatavyo. Yumo "yaani", naye anasema kwamba cha kushoto na cha kulia ni kitu kimoja. Yumo "nayo ni". Na hodari kuliko wote ni idadi: mambo matatu, vitu viwili, wajumbe saba. Ukisema "wajumbe saba" ukataja sita, msomaji atajua mara moja kwamba kuna aliyesahauliwa. Wazee wetu wakitaka kutoa neno zito walikuwa wakisema kwanza, "Nina mambo mawili." Msikilizaji aliandaa vidole viwili, na la pili likichelewa alilidai.

Ukoo wa pili ni wa maneno yanayofungua: kama vile, kwa mfano, mathalani. Haya husema kwamba vitakavyotajwa ni sampuli. Ni maneno mazuri ya kufundishia na ya kusimulia. Katika sheria, mikataba na risiti yana hatari, kwa sababu kila upande utaongeza unachopenda.

Ukoo wa tatu ni wa maneno yanayotaja baadhi ndani ya wote: wakiwemo, zikiwemo, miongoni mwake, ikiwa ni pamoja na. Haya ni salama pale tu neno la jumla lililotangulia lina mpaka wazi. "Wanyama wenye kwato, wakiwemo punda" lina mpaka. "Michango mbalimbali, ikiwemo ya mwenge" halina, maana neno "mbalimbali" linaweza kumeza kila kitu.

Kuhusu ukoo huu wa tatu nina ombi maalumu kwa walimu. Siku hizi neno "ikiwemo" limeganda kama jiwe. Utasikia redioni na kusoma katika taarifa: "mazao mbalimbali ikiwemo mtama", "huduma za jamii ikiwemo maji", "viongozi ikiwemo mkuu wa wilaya". Kiswahili hakisemi hivyo. Mazao ni yakiwemo, huduma ni zikiwemo, viongozi ni wakiwemo. "Ikiwemo" ina mahali pake halali: mikoa ikiwemo Dodoma, mifereji ikiwemo ule wa chini. Msidhani ninapigania urembo. Kile kiambishi kidogo mwanzoni mwa neno ndicho kinachomwonyesha msomaji orodha inaning'inia wapi. Katika sentensi "Halmashauri itakarabati barabara za vijiji ikiwemo ya mnadani", "ikiwemo" halishiki barabara wala vijiji. Ukiandika "zikiwemo", kamba imefungwa kwenye barabara, na hakuna wa kuuliza.

Mahali pa nukta mbili

Sasa nirudi kwenye alama yenyewe. Kanuni yake inatosha kwenye kiganja: kilicho kabla ya nukta mbili kiwe sentensi inayoweza kusimama peke yake. Funikeni orodha kwa kidole, msome kilichobaki kwa sauti. Kikisimama, wekeni nukta mbili. Kikiyumba, ziondoeni.

Nachukua sentensi ya ghalani: "Wakulima walileta: mtama, uwele na karanga." Funika orodha. "Wakulima walileta." Walileta nini? Kitenzi kinadai kitu chake, nasi tumekitenganisha nacho, kama mtu aliyenyoosha mkono apokee bakuli na mwenye bakuli akasita. Andika bila alama: "Wakulima walileta mtama, uwele na karanga." Au, ukitaka nukta mbili, kipe kitenzi haki yake kwanza: "Wakulima walileta mazao matatu: mtama, uwele na karanga." Funika tena. "Wakulima walileta mazao matatu." Imesimama.

Ni hivyo hivyo kwa "ni". Tunapenda kuandika "Majukumu ya kamati ni:" tukashuka chini na (a), (b), (c). Ongezeni neno moja tu: "Majukumu ya kamati ni haya:". Neno "haya" linakamilisha sentensi na papo hapo linafunga orodha. Na baada ya "kama vile", "kwa mfano" au "zikiwemo", msiweke nukta mbili kabisa. Maneno hayo yameshashika mlango, hayahitaji bawaba ya pili.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni vitu vyenyewe kufanana kwa umbo. Nimesoma katiba za vikundi zenye kifungu cha namna hii: "Kazi za kamati ni hizi: kusafisha mifereji, ulinzi wa banio, na wanachama walipe ada." Cha kwanza ni kitendo, cha pili ni jina, cha tatu ni amri kwa watu wengine. Wanachama walipe ada, hiyo imekuwaje kazi ya kamati? Sawazisheni: "kusafisha mifereji, kulinda banio na kukusanya ada." Vitu vikilingana, kasoro hujitokeza yenyewe. Visipolingana, kasoro hujificha katikati yao.

Debe la mahindi

Nawaletea sasa kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya wazazi katika shule moja ya msingi. Tulikubaliana wazazi wachangie chakula cha mchana ili watoto wasisinzie darasani. Usiku ule niliandika tangazo, nikaridhika nalo, asubuhi likabandikwa:

"Kila mzazi alete debe la mahindi au mtama na shilingi elfu tatu."

Jumatatu wakaja. Wa kwanza alileta debe la mahindi, akaondoka. Wa pili alileta debe la mtama na shilingi elfu tatu. Wa tatu alileta mahindi na pesa. Kufika saa nne kulikuwa na mistari miwili na manung'uniko. Aliyeleta mahindi peke yake alisema tangazo limempa hiari: mahindi, au mtama na pesa. Na alikuwa na hoja, maana mahindi mwaka ule yalikuwa ghali kuliko mtama, hivyo aliona ni haki kwamba mwenye mtama aongeze pesa. Aliyeleta vyote alijiona amedhulumiwa. Mama mmoja mjane alikuwa amekopa zile elfu tatu. Alisimama pembeni akilisoma tangazo tena na tena, na sikuweza kumtazama usoni.

Hakuna aliyekuwa mwizi pale, wala aliyekuwa mkaidi. "Au" na "na" niliziacha katika mstari mmoja bila kuwaambia watu ipi inabeba nini. Tangazo lilipaswa kusomeka hivi:

"Kila mzazi alete vitu viwili: debe moja la nafaka, yaani mahindi au mtama; na shilingi elfu tatu."

Idadi imetangulia. Nukta mbili zimefuata sentensi iliyokamilika. "Yaani" imeyafungia mahindi na mtama ndani ya nafaka. Nuktamkato, ile nukta yenye mkato chini yake, imetenga debe na pesa. Ni maneno machache ya ziada, na yangemwokoa yule mama na aibu ya deni ambalo wenzake hawakulibeba.

Tangu siku hiyo sijaandika "au" na "na" katika sentensi moja bila kuirudia mara tatu. Nawaomba nanyi mfanye vivyo hivyo, hasa katika masharti yaliyoorodheshwa kwa herufi. Sharti (a), (b) "na" (c) maana yake mtu ayatimize yote matatu. Sharti (a), (b) "au" (c) maana yake moja linatosha. Neno moja linaweza kumpa mtu kiwanja au kumnyima.

Tulichokuwa nacho kabla ya alama

Alama hizi zilitufikia pamoja na hati za Kilatini. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hapo, bila nukta mbili za namna hii. Wenye tenzi walitegemea vina na mizani kumwonyesha msikilizaji wazo linaishia wapi. Baadaye ndipo yakaja maamuzi ya kusanifisha: mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi, kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ya 1930, na baada ya uhuru Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967.

Nayasema haya ili tusidhani kwamba bila alama tulikuwa mabubu. Lugha yetu ina chombo chake cha kupanga vitu, nacho ni upatanisho wa ngeli. Sikilizeni: "Kikundi kilinunua majembe na reki mpya." Ni vipi vilivyo vipya? Reki peke yake, kwa sababu majembe yangedai "mapya". Hakuna mkato wala nukta mbili, na bado maana imekaa.

Lakini chombo hicho nacho kina mwisho wa nguvu zake. "Kikundi kilinunua majembe na mashoka mapya." Sasa vyote viwili ni vya ngeli moja, na "mapya" linaweza kushika mashoka tu au kushika vyote. Mweka hazina anaweza kununua majembe yaliyokwishatumika na muhtasari ukamlinda. Hapo ndipo mwandishi anapotakiwa kuamka: "majembe mapya na mashoka mapya", au "zana mpya za aina mbili: majembe na mashoka".

Kuna pia mzigo wa "na" yetu. Neno hili dogo linaunganisha, linaandamanisha, na linamtaja mtenda. Mgambo mmoja akiandika katika taarifa yake, "Juzi usiku mbuzi wanne waliibwa na kondoo wawili", kila mtu atamwelewa kwa kuwa kondoo haibi. Lakini akiandika, "Ng'ombe wa marehemu walichukuliwa na mbuzi wa mjomba na kaka yake", nani alichukua nini? Kaka ni mchukuaji, au naye amechukuliwa mbuzi wake? Kwa mirathi, hilo ni jambo la kugombanisha ukoo mzima. Dawa yake ni kutanguliza jumla, kuhesabu, kisha kutaja: "Juzi usiku iliibwa mifugo sita: mbuzi wanne na kondoo wawili." Kwa kufanya hivyo "na" inabaki na kazi moja tu, kuunganisha.

Mkato wa Maine na mambo ya Muungano

Mtu asidhani kwamba haya ni ya vijijini. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ya kazi ilikuwa na orodha ya kazi za vyakula ambazo wafanyakazi wake hawakuwa na haki ya malipo ya ziada kwa saa za ziada. Orodha ile ilitaja kusindika, kugandisha, kukausha, kuhifadhi na nyinginezo, ikamalizia kwa maneno yanayokaribia haya: kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji. Madereva wa kampuni ya maziwa iitwayo Oakhurst Dairy walikuwa wakisambaza maziwa. Walidai kwamba maneno hayo ya mwisho yanamhusu anayefungasha tu, iwe kwa usafirishaji au kwa usambazaji, na wao hawafungashi. Kampuni ilidai kwamba usambazaji ni kazi inayojitegemea, ya mwisho katika orodha.

Mwezi Machi 2017 mahakama ya rufaa iliona kwamba sentensi ina utata, kwa kuwa hapakuwa na mkato kabla ya "au", na shaka hiyo ikawanufaisha madereva. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kumaliza kesi kwa dola milioni 5. Nataka mtazame hasa walichokifanya watunga sheria wa Maine baada ya uamuzi ule wa mahakama. Waliweka nuktamkato baina ya kazi na kazi, na pia walibadilisha neno: usambazaji ukawa kusambaza, ulingane na kusindika, kugandisha na kukausha. Wao nao walijifunza kwamba alama peke yake haitoshi.

Nasi tunayo orodha yetu kubwa kuliko zote. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa 1964 ulianza na mambo 11 yaliyokabidhiwa Serikali ya Muungano. Leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ina mambo 22. Hii ni orodha ya kufunga: kilichomo ni cha Muungano, na kisichomo, kwa upande wa Zanzibar, ni cha Wazanzibari na Baraza lao la Wawakilishi. Ndiyo maana mafuta na gesi asilia kuwemo katika orodha hiyo kulizua mjadala wa miaka mingi, hadi Sheria ya Petroli ya 2015 ilipofungua njia kwa Zanzibar kusimamia mafuta na gesi yake yenyewe. Bunge linalotunga na kurekebisha orodha za namna hiyo linakaa hapo Dodoma, mwendo wa saa moja hivi kutoka tulipo.

Na jukumu letu limeongezeka. Kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2021, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Ni heshima tuliyoililia kwa muda mrefu, na ina gharama yake. Zamani sentensi ya Kiswahili ikiyumba, mtu angeweza kukimbilia maandishi ya Kiingereza. Sasa sentensi yetu ndiyo itakayosomwa mbele ya hakimu, na "zikiwemo" yetu na "yafuatayo" yetu ndizo zitakazopimwa.

Mengineyo

Katika kila mkutano wetu ajenda ya mwisho huitwa "Mengineyo". Naipenda ajenda hiyo, kwa sababu inampa mtu wa kawaida nafasi ya kusema ambalo ofisi haikulifikiria. Lakini mahali pake ni kwenye mazungumzo. Katika maandishi yanayofunga watu, ndugu zake "na kadhalika", "n.k." na "na mengineyo" ni milango iliyoachwa wazi usiku. Risiti inayosema "ada ya maji, ulinzi n.k." imemwomba mwanachama alipie kitu kisicho na jina. Tena msiziweke baada ya "kama vile". Ukishasema "kama vile", umeshaeleza kwamba wengine wapo, na kuongeza "n.k." ni kubisha hodi ukiwa umeshaingia.

Ndugu zangu watendaji na makatibu, nimesema kwa urefu, ombi langu ni fupi. Kabla hamjagonga muhuri kwenye karatasi yoyote yenye orodha, itafuteni ile sentensi inayoitangulia. Jiulizeni kama neno lake linafunga au linafungua. Hesabuni vitu, na idadi iandikwe. Wekeni kidole juu ya orodha mwone kama kilichobaki kinasimama. Kisha mumwite mtu ambaye hakuwa kwenye kikao, mwenye punda au mwenye bata, mumsomee kwa sauti, mumuulize: "Wewe umo?"

Akisita kujibu, karatasi hiyo haijawa tayari. Msiigonge muhuri.